Safari ya Kwanza ya Kurudi China: Mwongozo kwa Familia ya Binti Aliyeasiliwa

Binti aliyeasiliwa nchini China akiwa mchanga, akalelewa Marekani, Kanada, Hispania au Uholanzi, hufika umri wa miaka kumi na mitatu au kumi na minne kisha siku moja akasema kwamba anataka kwenda kupaona alikozaliwa. Mara nyingi hulisema jambo hilo akiwa ndani ya gari, macho yakiwa dirishani, kwa sauti ya mtu anayeulizia chakula cha jioni. Wazazi hufurahi, na usiku uleule huanza kutafuta tiketi. Hapo ndipo kosa la kwanza hutokea, kwa sababu neno "kurudi" limebeba safari tatu ambazo hazina budi kutenganishwa kabla ya fedha yoyote kutumika. Ya kwanza ni safari ya kuiona nchi, chakula chake, miji yake na watu wake. Ya pili ni safari ya kwenda katika kituo alikolelewa kabla ya kuasiliwa. Ya tatu ni safari ya kuwatafuta waliomzaa. Muulize binti anataka ipi, umpe siku kadhaa za kufikiri, na akijibu kwamba anataka ya kwanza tu, basi mpange ya kwanza tu, hata kama moyo wako wewe mzazi umeshafika kwenye ile ya tatu.

Nilisoma Changsha, mji mkuu wa mkoa wa Hunan, na kwa sababu ya lugha niliyoipata huko nimewahi kufuatana na familia mbili za namna hii nikiwa mkalimani wao. Ninachokiandika hapa kinatokana na safari hizo, pamoja na mambo yanayojulikana wazi kuhusu sheria na historia ya uasili nchini China. Nimewalenga wazazi, lakini pia nimewalenga wazungumzaji wa Kiswahili walio karibu na vijana hawa huko ughaibuni, wakiwa walimu wao, wauguzi, majirani au marafiki wa familia, na hasa waliosoma China, ambao huombwa msaada wa lugha bila kuelezwa uzito wa kazi yenyewe.

Historia ambayo binti anapaswa kuijua kabla ya kupanda ndege

Msichana wa miaka kumi na minne ataulizwa maswali, na yeye mwenyewe atajiuliza mengi zaidi, kwa hiyo si haki aende kwenye ardhi ile akiwa na hadithi nusu. China ilianza kutekeleza sera ya mtoto mmoja kwa nchi nzima mwaka 1980 na ikaishikilia hadi mwisho wa mwaka 2015. Sheria iliyofungua mlango kwa wageni kuasili watoto wa Kichina ilianza kutumika tarehe 1 Aprili 1992, na tangu hapo zaidi ya watoto 160,000 walikwenda kulelewa nchi za nje, takriban nusu yao wakiwa Marekani. Mwaka 2005 peke yake Marekani ilipokea karibu watoto 8,000. Katika miaka ya mwanzo wengi sana walikuwa wasichana wachanga. Baadaye idadi kubwa walikuwa watoto wa umri tofauti, wasichana na wavulana, wenye matatizo ya kiafya kama mdomo wazi au kasoro za moyo. Mlango huo sasa umefungwa, kwani tarehe 5 Septemba 2024 serikali ya China ilitangaza kwamba haitapeleka tena watoto kuasiliwa nje, isipokuwa pale mgeni anapoasili mtoto wa ndugu yake wa damu au mtoto wa mwenzi wake wa ndoa. Tangazo hilo lilihusu uasili wa siku zijazo na halikubatilisha uasili wa zamani; hata hivyo walezi na wasimamizi waliokuwapo enzi zile wanazidi kustaafu, na hiyo ni sababu nzuri ya kutoahirisha safari ya pili kwa miaka mingi ikiwa binti anaitaka.

Sehemu ngumu ni ile inayohusu sababu. Familia nyingi zilimweleza mtoto kwamba wazazi wake walimpenda lakini hawakuweza kumlea, na maelezo hayo yanaweza kuwa kweli kabisa. Wako waliotozwa faini nzito kwa kupata mtoto wa pili, na wako walioshinikizwa na ukoo kutafuta mtoto wa kiume. Wengine walikuwa na mtoto mgonjwa na hawakuwa na fedha za upasuaji. Kumwacha mtoto lilikuwa kosa la jinai, kwa hiyo hapakuwa na ofisi ambayo mama angeweza kwenda kumkabidhi mwanawe waziwazi. Aliyeshindwa alimweka alfajiri mahali penye watu, sokoni, kituo cha basi au langoni kwa polisi, amefungwa nguo za kutosha, wakati mwingine pamoja na kikaratasi chenye tarehe na saa ya kuzaliwa. Lakini yako pia mambo ya aina nyingine. Mwaka 2006 mahakama katika eneo la Hengyang, mkoani Hunan, iliwatia hatiani watu waliohusika kuuza watoto kwa vituo vya kulelea watoto, na mwaka 2011 vyombo vya habari vya China yenyewe vilieleza jinsi maofisa wa uzazi wa mpango katika eneo la Shaoyang, mkoa huohuo, walivyowachukua watoto kutoka kwa familia zao. Kwa hiyo usimwambie binti kwa uhakika jambo ambalo huna uhakika nalo. Mwambie yaliyotokea kwa wengi, mwonyeshe yaliyoandikwa kwenye jalada lake, na ukiri kwamba kati ya hayo mawili pana nafasi ambayo huenda isijazwe.

Hapa wazungumzaji wa Kiswahili tuna la kuangalia katika vinywa vyetu. Tumezoea kusema "mtoto wa kuokotwa" au "mtoto aliyetupwa", na tunayasema maneno hayo bila nia mbaya. Kitu kinachookotwa ni kile kilichokosa mwenyewe, na kinachotupwa ni takataka. Sema mahali alipokutwa, sema siku alipopokelewa kituoni, sema wazazi waliomzaa. Nimeona binti akitazama chini kwa sababu ya neno moja la mkalimani, na mkalimani huyo nilikuwa mimi.

Karatasi, viza na pasipoti ya zamani

Anza mwaka mzima kabla. Toa bahasha yote ya uasili ilipofichwa na uipange mezani pamoja na binti, si peke yako usiku. Kwa kawaida mtakuta cheti cha kuasili kilichotolewa na idara ya masuala ya kiraia ya mkoa, cheti cha kuzaliwa kilichothibitishwa na mthibitishaji wa serikali, hati ya kukutwa kwa mtoto, taarifa ya afya na makuzi, na pasipoti ndogo ya China yenye picha ya mtoto mchanga aliyeshikwa kichwa na mkono wa mtu asiyeonekana. Pasipoti hiyo itunzeni kuliko zote, kwa sababu mtu aliyezaliwa China anayeomba viza kwa mara ya kwanza akiwa raia wa nchi nyingine huombwa pasipoti yake ya mwisho ya China au nakala yake. Kama imepotea, jiandaeni na barua ya maelezo pamoja na cheti cha kuasili, na mfanye hivyo mapema. Kwa kuwa binti hajatimiza miaka kumi na minane, ubalozi unaweza pia kutaka nakala za pasipoti za wazazi na ushahidi wa uhusiano wenu. Raia wa nchi kadhaa za Ulaya wamekuwa wakiruhusiwa kuingia kwa muda mfupi bila viza tangu Desemba 2023, lakini masharti hayo hubadilika, kwa hiyo hakikisheni kabla ya kulipia chochote.

Binti huenda akauliza kama yeye bado ni Mchina. Sheria ya Uraia ya China ya mwaka 1980 haitambui uraia pacha, na aliyepata uraia wa nchi ya kigeni akaishi huko hahesabiwi tena kuwa raia wa China. Ataingia kama mgeni, atapanga foleni ya wageni, na kama ametimiza miaka kumi na minne alama zake za vidole zitachukuliwa kama za wageni wengine. Mwelezeni jambo hili nyumbani. Kulitambua kwa mara ya kwanza pale uwanjani, chini ya kibao kinachowatenga raia na wageni, huku kila mtu kwenye foleni ile nyingine akifanana naye, ni pigo lisilo la lazima.

Yaliyobaki ni mepesi. Mgeni hutakiwa kuandikishwa polisi ndani ya saa 24 baada ya kufika mahali anapolala. Hoteli hulifanya jambo hilo yenyewe, ila mkilala kwa rafiki mtakwenda kituo cha polisi wenyewe. Kuanzia umri wa miaka 16 mgeni hutakiwa kutembea na pasipoti yake. Tiketi za treni hukatwa kwa pasipoti hiyohiyo. Programu za malipo za Alipay na WeChat hupokea kadi za benki za nje, na ni vema kuziandaa kabla ya kuondoka kwa kuwa maduka mengi hayana hata chenji. WhatsApp na Google kwa kawaida hazifunguki huko, ingawa laini ya nchi mnakotoka, ikiwashwa kwa matumizi ya nje, mara nyingi huzifungua. Msilichukulie hili kama jambo la burudani tu, maana usiku wa siku ile nzito binti atataka kuzungumza na rafiki yake wa shuleni, wala si na nyinyi.

Wakati wa kwenda na ratiba yenye nafasi

Likizo ya shule husukuma familia nyingi kwenda mwezi Julai, na Julai katika bonde la mto Yangtze ni mateso. Wuhan, Nanjing na Chongqing zimeitwa matanuri tangu zamani, na Changsha haiko nyuma. Mwisho wa Machi, Aprili na mwisho wa Oktoba kuna hewa nzuri zaidi. Epukeni wiki inayoanza tarehe 1 Oktoba pamoja na siku za Sikukuu ya Majira ya Kuchipua, yaani Mwaka Mpya wa Kichina, wakati ofisi zimefungwa na treni zimejaa.

Familia za Marekani zilizoasili China zote zilipitia Guangzhou, kwa sababu ubalozi mdogo wa Marekani ulioko huko ndio uliotoa viza za watoto walioasiliwa, na nyingi zililala katika hoteli ya White Swan kwenye kisiwa cha Shamian, ambako ilizoeleka kuwapanga watoto wachanga kwenye kochi jekundu na kuwapiga picha. Wazazi hutamani kuanzia hapo. Mimi nashauri Guangzhou iwe mwisho, kwa sababu kumbukumbu ile ni ya wazazi. Binti alikuwa na miezi tisa na hakumbuki kochi. Treni ya mwendokasi kutoka Changsha hadi Guangzhou huchukua takriban saa mbili na nusu, kwa hiyo mpangilio huo haugharimu siku ya ziada. Anzeni na siku tatu au nne katika mji ambao hauna uhusiano wowote na jalada lake, ili azoee sauti, harufu na chakula. Kisha nendeni kwenye mji wake, na siku inayofuata ziara ya kituoni iachwe tupu kabisa, isiwe na jumba la makumbusho wala chakula cha heshima na mtu yeyote.

Kama nyumbani kuna mtoto wa pili aliyeasiliwa kutoka mkoa mwingine, msiviunganishe vituo viwili katika wiki moja kwa kuokoa nauli. Nimeona dada mdogo akililia siku ya dada yake kwa kuwa ya kwake ilikuwa keshokutwa, na hapakuwa na mzazi aliyebaki na nguvu za kuwagawia wote wawili.

Kuomba ruhusa na kuchagua mkalimani

Huwezi kubisha hodi kwenye kituo cha kulelea watoto na kuingia. Ziara huombwa kwa maandishi, miezi kadhaa mapema, kupitia shirika lililosimamia uasili wenu, kituo cha taifa cha ustawi na uasili wa watoto kilichoko Beijing, au wakala wa safari mwenye uzoefu wa safari hizi, ambazo Wachina huziita xungen, yaani kutafuta mizizi. Katika barua hiyo ombeni mambo mahususi: kuliona jalada la binti, kupiga picha kurasa zake, kuonana na mlezi aliyemhudumia, na kupelekwa mahali alipokutwa. Msipoomba kwa maandishi, siku ile mtaambiwa kwamba aliyeshika ufunguo wa kabati hayupo.

Andikeni jina lake la Kichina kwa herufi za Kichina. Jina lililoandikwa kwa herufi za Kilatini peke yake halimtambulishi mtu, kwani sauti moja ina herufi nyingi. Mkitazama majina ya watoto wengine wa kituo chake mnaweza kugundua kwamba wote wana jina la ukoo moja, na kwamba waliopokelewa mwaka mmoja wanashirikiana silabi fulani ya jina. Vituo vingi viliita watoto kwa utaratibu huo. Hali kadhalika tarehe ya kuzaliwa mara nyingi ilikadiriwa na daktari au msimamizi. Binti akilijua hilo kabla ya safari, hatashtuka kusikia mlezi akisema kwamba alipofika alionekana mkubwa kuliko tarehe iliyoandikwa.

Kuhusu mkalimani, jambo ambalo wazazi hulisahau ni kwamba Kichina sanifu hakitoshi. Wakurugenzi na maofisa hukizungumza vizuri, lakini mlezi mwenye umri wa miaka sabini katika mji mdogo wa Hunan huzungumza Kixiang, wa Jiangxi huzungumza Kigan, na wa Guangdong huenda akazungumza Kikantoni au Kihakka. Mimi nilijiamini kwa miaka yangu ya Changsha. Katika ziara ya kwanza, mama mmoja mzee, mstaafu, aliletwa kumwona binti. Alimshika kiganja, akaanza kuzungumza mfululizo kwa karibu dakika kumi, na mimi nikapata labda theluthi moja ya maneno yake. Kijana mmoja wa ofisini alinisaidia kidogo kisha akaitwa. Bahati yetu ni kwamba baba wa binti alikuwa ameomba ruhusa ya kurekodi sauti na simu ilikuwa mezani. Tangu siku ile huwashauri watu wote wafanye mambo mawili: watafute mkalimani aliyezaliwa wilaya ileile, na warekodi sauti kwa idhini ya mzungumzaji, hata kama mkalimani ni hodari.

Siku ya kituoni

Ziara nyingi ni fupi, saa moja au mbili, na huanzia kwenye chumba cha mikutano chenye meza ndefu, vikombe vya chai vyenye vifuniko na sahani ya machungwa. Mkurugenzi hutoa hotuba ya kukaribisha. Familia hudhani kwamba muda unapotea, lakini adabu hiyo ndiyo inayofungua kabati. Zawadi itolewe kwa mikono miwili, na msishangae ikiwekwa kando bila kufunguliwa. Msilete saa ya ukutani wala ya mezani, kwa kuwa maneno ya kutoa saa kama zawadi hulingana kwa matamshi na yale ya kumsindikiza mtu anayekwenda kufa. Zawadi inayopokelewa kwa furaha kubwa kuliko zote ni albamu ya picha zilizochapishwa, mwaka hadi mwaka, tangu siku alipoondoka; walezi huipitia ukurasa baada ya ukurasa, na kwa wengi wao hiyo ndiyo taarifa ya kwanza kuipata juu ya mtoto waliyembeba mgongoni.

Mlezi huitwa ayi. Kwa asili neno hilo ni dada wa mama, yaani yule ambaye sisi tungemwita mama mdogo, na binti anaweza kulitumia bila kusita.

Jalada likiletwa, lipite mikononi mwa binti kwanza. Wazazi hunyoosha mkono kwa mazoea, kwani kwa miaka yote wamekuwa wao wanaosaini, na mkalimani naye huinama kusoma. Nyote ngojeni. Ndani kunaweza kuwa na kurasa mbili tu au ishirini: fomu ya kupokelewa, ripoti ya polisi, kipande cha gazeti. Sheria iliyokuwapo ilitaka mtoto aliyekutwa atangazwe gazetini na ndugu zake wapewe siku 60 za kujitokeza kabla ya kuruhusiwa kuasiliwa, kwa hiyo watoto wengi walioasiliwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 wana tangazo la aina hiyo, lenye picha ndogo kama stempu, mistari miwili ya maelezo na jina la mahali. Pengine hiyo ndiyo picha yake ya kwanza kabisa. Piga picha kila ukurasa, mbele na nyuma, kwa sababu mihuri na maandishi ya kalamu ya risasi huwa nyuma.

Jengo lenyewe huenda si lile. Vituo vingi vimehamia majengo mapya pembeni mwa miji, na mahali alipokutwa pamekuwa barabara ya njia sita au duka la simu. Ulizieni mapema kama jengo la zamani lingalipo, na mumwambie binti ukweli, maana kusimama mbele ya duka la simu huku ukijaribu kuhisi jambo fulani ni kazi nzito. Familia moja ilinunua vitafunio kwenye kibanda kilichokuwa karibu, wakaketi kwenye kizingiti, wakala kimya, na baada ya nusu saa binti akasema inatosha.

Kwa walioasiliwa wakiwa wakubwa, wenye miaka minne, saba au kumi, mambo hubadilika. Hao wanakumbuka. Wana marafiki walioachwa humo, wana walezi waliowapenda na pengine waliowapiga, na lugha waliyoipoteza huweza kurudi ghafla vipande vipande. Usimpangie mtoto wa namna hiyo wa kumkumbatia wala wa kupiga naye picha. Kukubaliana nyumbani juu ya ishara ya siri, kama kugusa saa ya mkononi, yenye maana ya "tuondoke sasa", humpa uwezo wa kuondoka bila kumkosea mtu heshima. Picha za watoto wanaoishi kituoni zisipigwe, na kama zimepigwa zisiwekwe mtandaoni.

Mitaani

Hapa kuna jambo ambalo wazazi wazungu hawawezi kulijua mpaka waambiwe. Binti aliyekulia katika mji ambako yeye ndiye Mchina pekee darasani hutembea katika soko la Changsha na kwa mara ya kwanza maishani hakuna anayemwangalia. Wanaoangaliwa ni wazazi wake. Kwenye mgahawa mhudumu hupeleka orodha ya vyakula moja kwa moja kwake na kuanza kuzungumza, na hapo utulivu ule huvunjika kwa sababu hana la kujibu. Baadhi ya watu wazima humkemea kwa upole: Mchina gani huyu asiyejua Kichina? Mfundisheni mapema sentensi mbili na azizoee mpaka zitoke zenyewe. Ting bu dong, nasikia lakini sielewi. Wo shi zai zheli chusheng de, mimi nilizaliwa hapa. Kwa wengi sentensi ya pili hulainisha nyuso mara moja, lakini pia hufungua maswali, kwa hiyo aamue mwenyewe ni wakati gani wa kuitumia.

Atakayosikia mara nyingi zaidi ni kwamba ana bahati na kwamba lazima awashukuru wazazi wake. Anayesema hivyo hukusudia baraka. Binti husikia kwamba ana deni. Mzazi ndiye anayepaswa kujibu, papo hapo na kwa heshima, kwamba wenye bahati ni wao, na mkalimani anapaswa kulitafsiri jibu hilo kikamilifu bila kulipunguza. Nitaongeza neno kuhusu ile hekaya ya uzi mwekundu usiokatika, ambayo familia za uasili hupenda kuisimulia: katika simulizi za Kichina uzi huo huwaunganisha wachumba, na binti akimweleza mwenyeji wake kwamba uzi mwekundu ulimuunganisha na mama yake atatazamwa kwa mshangao.

Kuhusu kuwatafuta waliomzaa

Msiuanze utafutaji kwa mara ya kwanza mkiwa safarini. Kipimo cha vinasaba kifanywe nyumbani, miezi mingi kabla, kwa uamuzi wa binti mwenyewe, kwa sababu hifadhi za vinasaba za nchi za nje zimekwisha kuwakutanisha walioasiliwa na binamu zao na hata ndugu zao wa tumbo moja waliolelewa nchi nyingine. Ndani ya China polisi wana hifadhi yao ya taifa iliyoanzishwa mwaka 2009 kwa ajili ya watoto waliotekwa, na iko tovuti ya kujitolea ya Baobei Huijia, iliyoanza mwaka 2007, ambako wazazi na watoto hutafutana. Jihadharini na jambo moja la kisheria: kanuni zilizoanza kutumika Julai 2019 zinabana sana ukusanyaji na usafirishaji wa sampuli za kibaiolojia za binadamu kutoka China, kwa hiyo msigawe vifaa vya kupima mate kijijini na kurudi navyo mkobani.

Wapo wanaoshauri kubandika matangazo sokoni yenye picha ya binti. Silikubali jambo hilo kwa safari ya kwanza ya mtoto aliye chini ya miaka kumi na minane. Tangazo hupigwa picha na kusambaa kwenye WeChat kabla hamjafika hotelini, na ifikapo jioni simu zinaita kutoka kwa kina mama watatu au wanne, kila mmoja akiwa na uchungu wa kweli na kila mmoja akiamini kwamba ni wake. Binti hana namna ya kuubeba uchungu wa akina mama wote wale. Wazazi halisi nao wanaweza kuwa na hofu ya sheria au ya aibu, na mara nyingi wana watoto wengine wasiojua lolote. Ikitokea mtu akajitambulisha kwa heshima, pokeeni jina na namba yake, mwambieni mtawasiliana, na msimwite binti kuonana naye mpaka kipimo cha vinasaba kithibitishe. Kufanana uso si uthibitisho.

Baada ya kurudi

Tarajieni ukimya wa wiki kadhaa, na pengine hasira inayojitokeza kwenye jambo dogo kama viatu vilivyoachwa mlangoni. Msimwombe aandike insha ya shule juu ya safari, wala msiweke picha zake kwa ndugu kabla hajaruhusu. Mshauri nasaha anayeelewa masuala ya uasili apatikane kabla ya safari, ili binti awe na mtu anayemfahamu atakaporudi. Nakala za jalada hifadhini mahali pawili, na ile albamu ya kurasa zilizopigwa picha iwe mali yake, chumbani kwake.

Sauti nazo zisisahaulike kwenye simu. Ile ya mama mzee wa Hunan ilikaa miezi minne, mpaka siku binti mwenyewe alipouliza alikuwa anasema nini. Tulimpata mwanafunzi wa chuo aliyezaliwa wilaya ileile, akakaa nayo jioni nzima na kuandika mstari kwa mstari. Sehemu kubwa ilikuwa juu ya baridi ya mwaka ule, makaa yaliyokuwa hayatoshi, na vitanda vilivyosogezwa pamoja. Katikati ya hayo mama yule alisema kwamba mtoto huyu alikuwa halali mpaka ashikwe sikio, la kushoto, na kwamba zamu ya usiku ilipobadilika yeye alimwachia mwenzake maagizo ya sikio kabla ya maagizo ya maziwa. Binti aliusoma mstari huo, akapeleka mkono kwenye sikio lake la kushoto, akauliza kama tunaweza kumtumia picha kabla ya Sikukuu ya Majira ya Kuchipua. Tuliichapisha kubwa, nyuma yake tukaandika jina lake kwa herufi za Kichina, na tukaituma kwa anwani ya kituo.